Boti nusu kwa familia nzima: Yanayoamuliwa kabla chuma hakijachomelewa

Anayetoka kituo cha treni cha Paddington jijini London na kutembea kama dakika 10 hufika mahali paitwapo Little Venice. Hapo mifereji miwili hukutana chini ya miti mikubwa. Kando ya maji zimepangwa boti ndefu, nyembamba, zenye rangi nyekundu, kijani na buluu, na juu ya paa zake kuna vyungu vya maua, baiskeli na magunia ya makaa ya mawe. Nyingi kati ya boti hizo ni nyumba za watu. Asubuhi, moshi huanza kupanda kwenye mabomba madogo ya majiko, na wenyeji hutoka kwenda kazini na shuleni kama wakazi wa mtaa mwingine wowote.

Gharama ya nyumba katika jiji hilo imewasukuma watu wengi majini, wakiwamo wazazi wenye watoto wadogo. Boti mpya iliyokamilika nayo ni ghali, hivyo baadhi yao hununua iliyojengwa nusu. Wanachopewa ni ganda la chuma lililochomelewa na kupakwa rangi ya kwanza, lenye injini, usukani na pangaboi, kwa hiyo linaelea na kujiendesha. Ndani ni tupu. Hakuna kitanda, jiko, choo wala taa. Kuna zinazouzwa kuta zikiwa zimeshafunikwa kwa plaiwudi, na kuna zinazouzwa mbavu za chuma zikionekana kama zilivyotoka mkononi mwa fundi.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua hesabu hii. Ni ile ya kununua kiwanja, kusimamisha boma, kuezeka, kisha kuhamia chumba kimoja huku vingine vikisubiri mshahara wa mwezi ujao. Ila mwenye boma akigundua kuwa chumba cha watoto ni kidogo, huvunja ukuta akasogeza. Mwenye boti hana nafasi hiyo. Ganda likishatoka karakana halipanuki, na kulirefusha ni kulikata vipande viwili na kulichomelea upya.

Karatasi ya oda huwa ndefu: upana, urefu, unene wa chuma, umbo la nyuma, idadi ya madirisha, ukubwa wa tangi la maji, kisha msururu wa vya ziada, kila kimoja na bei yake. Ni rahisi wazazi kuvutwa na vya mwisho, yaani rangi ya makabati na aina ya jiko. Hivyo vinaweza kusubiri mwaka mmoja au mitano. Kinachohitaji kichwa kilichotulia ni kile kinachoingia ndani ya chuma chenyewe.

Ramani ndiyo inayoamua upana

Mhandisi James Brindley alipopanga Mfereji wa Trent na Mersey katika karne ya 18, alichagua loki za upana wa futi 7 hivi, yaani mita 2.1. Loki ni chumba cha maji chenye milango mbele na nyuma. Hujazwa maji ili boti ipande kilima, au humwagwa ili ishuke. Loki nyembamba zilikuwa nafuu kujenga na zilitumia maji machache, na handaki la Harecastle, lililofunguliwa 1777, nalo lilichimbwa jembamba. Mifereji mingi ya katikati mwa England ikafuata kipimo hicho. Karibu miaka 250 baadaye, uamuzi wa Brindley bado unapima upana wa chumba cha mtoto.

Boti ya kawaida ya mifereji hiyo ina upana wa futi 6 na inchi 10 kwa nje. Ukitoa povu la kuzuia baridi na mbao za ukutani, ndani hubaki kama mita 1.8. Mtu mzima akinyoosha mikono yote miwili anagusa kuta. Haishangazi kwamba wazazi wengi wakiona hivyo huiendea boti pana, ya futi 10 au 12. Ndani yake kuna nafasi ya meza ya watu wanne, na mtu anaweza kupita bila kuruka miguu ya aliyekaa.

Boti pana inafika wapi? Mfereji wa Grand Union, wenye urefu wa kilomita 220 hivi kutoka Brentford kwenye mto Thames hadi Birmingham, una loki pana kwa sehemu kubwa. Kutoka London, familia itapanda vilima vya Chiltern na kupita Stoke Bruerne. Kwenye handaki la Blisworth, lenye urefu wa mita 2,813, boti mbili nyembamba hupishana gizani. Boti pana haiwezi kupishana na nyingine, kwa hiyo mwenyewe hulazimika kuomba nafasi mapema. Kisha huja Braunston, kijiji ambacho kwa wenye boti ni kama Chalinze kwa madereva wa mabasi, maana njia hugawanyika hapo. Wa boti nyembamba atashika Mfereji wa Oxford kwenda kaskazini na kupita loki za Hillmorton. Wa boti pana ataishia mbele ya loki hizo, kwa sababu hazimpitishi.

Hataliona pia daraja la Pontcysyllte kule Wales akiwa ndani ya boti yake. Daraja hilo lilifunguliwa 1805, na tangu 2009 liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Linabeba mfereji ndani ya sanduku la chuma, mita 38 juu ya mto Dee, kwa urefu wa mita 307. Upande mmoja una njia ya miguu na uzio. Upande wa pili hauna kitu, ila ukingo wa sanduku na hewa. Wazazi wanaopita hapo huwaingiza watoto ndani kwanza.

Basi swali la upana ni swali la maisha ambayo familia inakusudia kuishi. Yenye maegesho ya kudumu ya kulipia karibu na shule, isiyotaka kusafiri zaidi ya likizo moja kwa mwaka, itafaidi boti pana. Inayotaka kuiona nchi itavumilia wembamba. Iliyo njia panda ichukue nyembamba, kwa kuwa hiyo inaingia kwenye mifereji ya aina zote mbili, na leseni yake ni nafuu kuliko ya pana.

Urefu una mtego wake pia. Loki nyingi nyembamba zinapokea boti ya futi 70, lakini baadhi ya loki za kaskazini, hasa za Calder na Hebble, ni fupi. Ndiyo maana futi 57, karibu mita 17.4, imekuwa kipimo kinachotajwa sana na wanaotaka kufika kila mahali. Tofauti ya futi 57 na 60 kwenye bei ya chuma ni ndogo, na muuzaji hushawishi kirahisi. Futi hizo tatu ni kabati moja la nguo, na zinaweza kuwafungia mlango wa Yorkshire.

Siku 14 na kengele ya shule

Tangu 2012, mifereji na mito yenye jumla ya kilomita 3,200 hivi ya England na Wales inasimamiwa na taasisi ya hisani iitwayo Canal & River Trust. Kwa mwenye boti isiyo na maegesho ya kudumu, sheria ya 1995 inaweka sharti: boti iwe safarini kweli kwa muda wote wa leseni, na isikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, isipokuwa kuna sababu ya maana kama ugonjwa au kuharibika. Kusogea hadi daraja linalofuata kisha kurudi palepale hakukubaliki. Tangu Aprili 2024 wenye leseni ya namna hii hulipa nyongeza juu ya ada ya kawaida.

Kwa mzazi, sharti hilo linagusa kengele ya saa mbili na nusu asubuhi. Shule haisogei kila wiki mbili. Familia inayokaa bila maegesho hujikuta leo iko dakika 10 kutoka shuleni, na mwezi ujao iko saa nzima kwa baiskeli na treni. Wapo wanaomudu kwa kupanga safari za mbali wakati wa likizo, lakini inataka nidhamu, na Januari haina huruma.

Suala hili lina historia ndefu. Reli zilipoanza kuipokonya mifereji mizigo katika karne ya 19, waendesha boti wengi walishindwa kulipa pango nchi kavu pamoja na mshahara wa vibarua. Wakahamishia wake na watoto ndani ya boti. Sehemu ya mbele yote ilikuwa ya mizigo, na familia iliishi kwenye kibanda cha nyuma chenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 2 hivi. Ndani yake mlikuwa na jiko, meza iliyokuwa pia mlango wa kabati, na kitanda kilichofunguliwa usiku kukatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Mwanaharakati George Smith wa Coalville aliandika kitabu kuhusu hali yao mwaka 1875. Sheria ya Boti za Mifereji ya 1877 ikataka boti zinazokaliwa na watu zisajiliwe na idadi ya wakazi iwekewe kikomo. Ile ya 1884 ikaongeza ukaguzi na kutilia mkazo elimu ya watoto hao. Hata hivyo wengi walikua bila kusoma, kwa kuwa boti ililipwa kwa mzigo uliofika na mtoto alihitajika kufungua milango ya loki.

Kijijini Stoke Bruerne, ambako muuguzi Mary Ward aliwatibu watu wa boti kwa miaka mingi, kuna makumbusho ya mifereji yaliyofunguliwa 1963 ndani ya kinu cha zamani cha nafaka. Ni mahali pazuri pa kumpeleka mtoto kabla ya kusaini karatasi ya oda, na mzazi naye atafaidika. Kitanda kile cha kukatiza bado kinatengenezwa. Familia nyingi za leo zinakitumia ili kupata sentimita chache za sakafu mchana.

Uamuzi kuhusu shule unarudi kwenye chuma moja kwa moja. Boti itakayokaa gatini na kuunganishwa na umeme wa nchi kavu inahitaji kifaa kidogo cha kuzuia mkondo unaokula chuma kupitia waya wa ardhi. Bila hicho, kitako cha boti kinaweza kuliwa kwa sababu ya boti za jirani. Itakayohama kila wiki mbili inahitaji tangi kubwa la maji, mahali pa kuweka makaa, na injini inayoaminika mwezi wa Februari. Familia isiyojua itaishi vipi haiwezi kuijaza karatasi ya oda vizuri, hata ikiwa na fedha.

Tezi, mahali mtoto anaposimama

Watu wa pwani huita nyuma ya chombo tezi na mbele omo. Boti za mifereji hujengwa kwa tezi za aina tatu, na kwa mzazi hakuna mstari wa karatasi ya oda wenye uzito kuliko huu.

Aina ya kwanza ni ya kizamani. Sitaha yake ni ndogo, nahodha husimama mlangoni huku kibanda kikimkinga upepo. Inapendeza na inaongeza nafasi ya ndani, lakini hakuna mahali pa mtu wa pili. Mtoto atakuwa ama ndani, jirani na injini, ama kwenye kibaraza cha omo, mita 15 kutoka kwa mzazi wake, kwenye chombo kisicho na breki.

Ya pili ni sitaha pana iliyo wazi, yenye reli ya bomba kuizunguka. Watu wazima sita wanaweza kusimama na kupiga soga. Hatari yake iko kwenye kana, yaani ile fimbo ndefu ya usukani. Boti inaporudi nyuma, maji yanaweza kuusukuma usukani kwa ghafla, na kana ikafagia sitaha kwa nguvu inayoweza kumtupa mtu mzima majini. Anapoangukia ndipo pangaboi linapozunguka. Mtoto mwenye kimo cha kana hapaswi kabisa kusimama ndani ya duara lake, na kwenye sitaha ya wazi duara hilo halina ukuta wa kumkumbusha.

Ya tatu ni ya katikati. Kuta za chuma za pembeni zimeinuliwa kama za kibanda lakini juu hakuna paa, na ndani kuna mabenchi mawili. Mtoto huketi chini kuliko ukingo, mbele ya kana, karibu na mzazi anayeendesha. Boti inapoteza mita moja au zaidi ya chumba cha ndani. Kwa familia yenye mtoto chini ya miaka 10, mita hiyo imetumika vizuri kuliko nyingine yoyote ndani ya boti hiyo.

Jaketi la kujiokolea hata hivyo halikwepeki, na linapaswa kuvaliwa tangu mtoto anapotoka mlangoni. Maji ya mfereji mara nyingi hayazidi kifua cha mtu mzima, jambo linalowafanya wengi wayadharau. Loki ni kitu kingine kabisa: kina, kuta zenye utelezi, na boti ya tani kadhaa inayosogea huku na huku. Inaposhuka, tezi ikikalia kizingiti cha mlango wa nyuma huku maji yakipungua, boti huning'inia na inaweza kuzama kwa dakika chache. Watoto wote ama wawe nchi kavu na mtu mzima mmoja, ama wawe wameketi.

Kabla povu halijapulizwa

Kuta za ndani hupuliziwa povu la kuzuia baridi, ambalo hushika chuma na kukauka. Bila povu hilo chuma hutoa jasho: pumzi za watu wanne, mvuke wa chai na nguo mbichi hugonga ukuta wa baridi na kuwa maji, yanayoteremka hadi kwenye godoro. Lililopulizwa vizuri, bila mapengo kwenye mbavu na pembeni mwa madirisha, ni bora kuliko mabamba ya kukata na kupachika, na ni kati ya vya ziada vinavyostahili bei yake.

Lakini povu hilo huwaka, na moshi wake ni sumu. Likishapulizwa, kila kazi ya kuchomelea kwenye ganda inataka kubandua mbao na kulikwangua kwanza. Hapo ndipo orodha ya mzazi inapopaswa kuwa imekamilika. Reli za mkono za ziada kando ya paa, pete za kufungia kamba, kuta za omo zilizoinuliwa sentimita chache, ngazi ya kumrudisha aliyeanguka majini, mlango wa ubavuni: vyote hivyo ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi wa kuchomelea ganda likiwa tupu. Baada ya povu, ni mradi.

Mlango wa ubavuni hupendwa sana na watoto kwa sababu bata huja hadi hapo. Uwe na komeo juu, mahali wasipofika. Madirisha nayo yasizidi. Kila dirisha ni tundu kwenye ukuta na ni mahali pa kupotezea joto, na yale madogo ya duara yana faida kwenye chumba cha watoto, maana hakuna kichwa kinachopita.

Kuhusu unene, ganda la kawaida lina bamba la chini la milimita 10, ubavu wa milimita 6, na kibanda cha milimita 4 au 5. Kampuni nyingi za bima hutaka unene uliobaki usipungue milimita 4. Kwa hiyo ubavu wa boti mpya una milimita 2 tu za akiba dhidi ya kutu, na kutu hupenda mstari wa maji, pale hewa na maji vinapokutana. Muuzaji anayesifia bamba la chini la milimita 12 anauza unene mahali ambapo mara nyingi si penye tatizo. Afadhali fedha hiyo ilipie kusafisha chuma kwa mchanga wa shinikizo na kupaka epoksi, chini pia, kabla boti haijaonja maji. Lami ya kawaida hupakwa upya kila baada ya miaka 2 au 3, boti ikiwa imetolewa majini, kama mafundi wa majahazi wanavyopaka deheni.

Kuna tangi moja ambalo wanunuzi wapya hawalioni. Injini nyingi za boti hizi hupozwa na maji yanayozunguka ndani ya kisanduku kilichochomelewa ubavuni kwa ndani, na mfereji wenyewe ndio unaochukua joto. Mafundi hukadiria futi moja ya mraba kwa kila nguvu-farasi 4, hivyo injini ya nguvu-farasi 40 inataka futi 10 za mraba. Kikiwa kidogo, kwenye mfereji tulivu hakuna atakayejua, maana mwendo wa juu ni kilomita 6.4 kwa saa. Siku familia ikiingia mto Thames au Trent na kupambana na mkondo, injini itachemka mahali pabaya kuliko pote.

Gesi ya kupikia inakaa kwenye kisanduku chake cha nje, chenye tundu la kumwagia nje ya boti, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hushuka. Tezi na omo marejeo ni ngamani, walisema mabaharia wetu, na gesi nayo hurejea huko huko ngamani, chini ya sakafu wanakolala watoto, ikisubiri cheche. Baadhi ya familia huamua mapema kutokuwa na gesi kabisa na kupikia dizeli au umeme. Ni ghali, ila uamuzi huo ukifanywa mwanzoni unaokoa mabomba na kisanduku.

Jiko la makaa na kuni ndilo linalopasha boti nyingi, na ndilo linaloweza kuua kwa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Tangu Aprili 2019, kanuni za Boat Safety Scheme, ambazo kwa kawaida boti hukaguliwa kwazo kila baada ya miaka 4, zinataka king'ora cha hewa hiyo ndani ya boti. Familia iweke zaidi ya kimoja, kimoja kikiwa kwenye chumba cha watoto. Matundu ya hewa yasizibwe na matambara, hata upepo ukiuma vipi. Kuwe na njia mbili za kutokea, na chumba cha watoto kisiwe mahali ambapo moto wa jikoni unakata zote mbili.

Yanayoweza kusubiri

Choo huzua mabishano kuliko injini. Kuna cha tangi kubwa linalovutwa kwa pampu kwenye vituo vya kulipia, kuna cha kopo linalobebwa mkononi hadi mahali pa kumwaga, na kuna cha kukausha. Familia ya wanne hujaza kopo haraka sana, hivyo yawepo makopo matatu au manne. Tangi likichaguliwa, mahali pake pajulikane kabla ya sakafu.

Umeme wa jua hufanya kazi nzuri kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli. Desemba, jua la England ni fupi na la chini, na paneli hutoa kidogo mno. Hapo injini au jenereta hulazimika kuchaji betri, na masharti ya leseni yanakataza kuziwasha kwa ajili ya umeme boti ikiwa imeegeshwa kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi. Nyaya nene na nafasi ya betri zipangwe mapema. Betri zenyewe, paneli na inveta zinunuliwe kadiri mfuko unavyoruhusu. Mashine ya kufulia, rangi za urembo na makabati ya mwaloni hayana haraka.

Fedha kabla ya maji

Boti nusu hulipiwa kwa awamu: ya kuagiza, ya chuma kufika, ya ganda kusimama, ya injini, ya kukabidhiwa. Karakana nyingi ni biashara ndogo, na karakana ikifilisika katikati, familia inaweza kukuta ganda ambalo tayari imelilipia linahesabiwa kuwa mali ya wadai. Mkataba unapaswa kusema wazi kwamba kila kilicholipiwa, kuanzia bamba la kwanza, ni mali ya mnunuzi, na kipigwe alama. Useme pia kama bei ina kodi ya ongezeko la thamani, nani analipia lori na kreni, na boti inaletwa na hati gani za usalama. Mkaguzi wa kujitegemea alipwe kuja mara moja ganda likiwa tupu, kabla ya povu, aone mishono ya kuchomelea. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na kinachofichwa na povu.

Kisha hufika siku ya kreni. Boti inashuka majini ikiwa nyepesi, imekaa juu juu. Fundi huingia na farumi, ambayo hapa huwa matofali au vigae vya saruji, na kuipanga chini ya sakafu kushoto na kulia hadi kipimo cha povu la maji kitulie katikati na pangaboi lizame vya kutosha. Mwenye busara haifungi sakafu kwa misumari. Huifunga kwa skrubu, maana makabati, jiko la chuma na vitanda vya watoto vitakuja na uzito wao, kila kimoja upande wake. Mzazi anamulika ngama kwa tochi kwenye kila kona, na kuhakikisha kifuniko cha tundu la kusafishia pangaboi kimekazwa, kwa sababu kipo boti zilizozama kwa kukisahau tu. Mpira wa maji unaunganishwa, tangi la omo linajaa kwa mara ya kwanza, omo inashuka sentimita chache, na matofali kadhaa yanahamishwa tena.